Kuku wa Shukrani na Cherehani ya Bure

Mama mkwe wangu alikuwa na sauti ambayo hata mbega wa msituni waliijua. Akikohoa tu uani kwake, kule juu mlimani mbega aliyeiba hindi alilirudisha kwenye bua lake, akaliegemeza vizuri lisianguke. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Anayebisha na aende akawaulize mbega.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Eunike. Mimi sikulitamka hata siku moja akiwa hai, maana mkamwana hamwiti mama mkwe wake kwa jina, na mwenye kujaribu ajiandae kung'oka meno na kutafuna uji maisha yake yote. Tulimwita Mama Sumari, kwa jina la mwanawe wa kwanza, ambaye ndiye aliyenioa, naye wakati wa kisa hiki alikuwa kazini mbali. Mumewe, mzee Aminieli, alikuwa amekwisha kufariki kabla sijaletwa pale. Alimwachia mjane wake shamba la migomba na mibuni juu kidogo ya Tengeru, ng'ombe mmoja, na ubishi. Ingawa watu wa ukoo wanasema ubishi hakuuacha mzee, mama alikuja nao mwenyewe kutoka kwao siku ya arusi, juu ya kichwa, pamoja na vyungu.

Alibishana na kila kitu. Siku moja mvua ilianza kunyesha akiwa ameanika kahawa. Alitoka nje, akashika kiuno, akaiangalia mbingu, akauliza, "Umepiga hodi kwa nani?" Mvua ikaona haya. Ikahamia Maji ya Chai, ikanyesha huko mpaka kuku wao wakajifunza kuogelea, na watu wa kule hawakutusalimia vizuri kwa muda mrefu sana.

Sasa huyo ng'ombe. Aliitwa Sambu. Baba mkwe alimnunua kwa Koikai, Mwarusha wa upande wa magharibi wa mlima, naye alikuja na jina lake kutoka huko, kwa sababu ya mabaka yake meupe na mekundu. Alilala ndani pamoja nasi, kama ilivyo desturi ya huku kwetu, upande wake na sisi upande wetu, na kazi yetu wanawake ilikuwa kumkatia majani na vigogo vya migomba asubuhi na jioni. Maziwa yake yalikuwa mazito kiasi kwamba nzi akiangukia kibuyuni alitembea juu yake mpaka ukingoni, akapangusa miguu, akaenda zake. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa anaachishwa ziwa, na kilichomshikilia duniani kilikuwa uji wa maziwa ya Sambu. Shemeji yangu mdogo alisoma shule ya misheni kwa ada iliyotoka kwenye kiwele hichohicho. Nasema hivi ili mnielewe: katika nyumba ile, ukimgusa Sambu umetugusa sote kooni.

Ilikuwa miaka ya Mwingereza, ile ambayo kahawa ilipata bei nzuri, na kila mtu wa mjini Arusha akagundua ghafla kwamba anawapenda sana watu wa mlimani. Walipanda huku kila juma. Aliyeuza miwani alikuja. Aliyeuza dawa ya kurudisha ujana alikuja, naye alikuwa mzee. Kisha Jumapili moja, tumetoka ibadani na hata viatu vya mama havijapumzika, tukasikia kengele ya baiskeli langoni.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu," akajibu Mama Sumari. "Lakini kama unauza dawa ya minyoo, ya kwetu imekwisha kufa kwa njaa."

Akaingia kijana mmoja nadhifu, tai shingoni, jasho usoni, na nyuma ya baiskeli kasha la mbao lililofungwa kwa mipira.

"Shikamoo mama. Naitwa Efraimu, ni wakala wa Kampuni ya Sindano Njema, tuna duka letu mjini. Siuzi kitu leo. Nimekuja kutoa."

"Marahaba. Mtu wa kutoa sijawahi kumwona akitoka jasho hivyo."

Kijana akacheka. Akafungua kasha, na humo mlikuwa na cherehani ya mkono, nyeusi ti, imechorwa maua ya rangi ya dhahabu ubavuni. Akachukua matambara mawili, akayaweka chini ya sindano, akazungusha mkono, trrrr! Kabla sijafumba mdomo yalikuwa tambara moja.

"Mama, hii nakuachia mwezi mzima bure. Ishonee, ichezee, iimbie. Ukiipenda, tutazungumza namna ya kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Usipoipenda unairudisha dukani kwetu, tunaagana kwa amani."

"Ni bure ya kweli, au bure ya mjini?"

"Zinatofautianaje, mama?"

"Bure ya kweli haina mwezi."

Lakini macho yake yalikuwa kwenye maua yale ya dhahabu, nami niliyaona. Suruali za shemeji yangu zilikuwa na matundu ambayo hata walimu walikuwa wanayasoma. Mama akamwita Sadoki, mdogo wa marehemu mumewe, aliyekaa ng'ambo ya mfereji, mtu mwema, mwoga kidogo. Akamwambia kijana, "Haya, rudia maneno yako huyu shemeji yangu ayasikie." Efraimu akarudia yote, neno kwa neno: mwezi bure, usipopenda rudisha, amani. Sadoki akaitikia kwa kichwa. Cherehani ikabaki.

Wiki ya kwanza nyumba yetu iligeuka soko. Wanawake walileta kanga zilizochanika, mito, magunia, na mmoja alileta kaptula ya mume wake huku mume mwenyewe akingoja nyumbani bila nyingine. Mama alizungusha, mimi nikavuta kitambaa. Mashine ile ilikuwa na mbio za ajabu. Tulipotia suruali ya Sadoki, ilishona tundu, ikapitiliza, ikaunga miguu yote miwili kuwa mmoja kabla hatujaisimamisha, na Jumapili ile Sadoki alikwenda kanisani akirukaruka kama chura, akaketi, akasali, akarudi akirukaruka. Mchungaji alidhani amepata uamsho.

Tatizo lilikuwa uzi. Cherehani ile ilikula uzi kama ndama. Na uzi ulioikubali sindano yake uliuzwa mahali pamoja tu duniani: dukani kwa Efraimu. Mwenye kanga alileta kanga yake, akashukuru, akatoa ndizi mbili. Uzi tukatoa sisi. Mwezi ulipokaribia kwisha Mama Sumari aliiangalia mashine, akamwangalia Sambu aliyekuwa anacheua upande wake, akasema:

"Ninalisha vinywa viwili. Kimoja kinanipa maziwa. Hiki kingine kinanipa sifa. Sifa hazichemki. Kesho tunairudisha."

Asubuhi yake aliifuta vumbi, akaipaka hata mafuta ya kondoo kidogo ing'ae, akaifunga kwenye kasha. Kisha akaniambia:

"Hanna, kamata yule kuku mwekundu."

"Kuku wa nini, mama? Si tunarudisha tu?"

Alinigeukia kama aliyesikia nimetukana. "Umelelewa wapi wewe? Kwenu kitu cha mtu kinarudi kitupu?"

Hakika kwetu pia hakirudi. Ukiazima kibuyu kwa jirani, hukirudishi na upepo ndani. Unatia maharage, au maziwa, au hata ndizi moja kama huna. Ukiazima jembe, linarudi na shukrani yake. Kitu kikirudi kitupu ni kama umemwambia mwenye nacho, "Njaa iwe kwako." Mimi nilidhani tu kwamba desturi hiyo haivuki mto kwenda mjini. Mama alidhani desturi haina mto.

Basi nikamkimbiza yule kuku mwekundu. Na kuku yule si wa mchezo: mwewe alikuwa anaruka juu ya boma letu kwa kuomba ruhusa. Nikamfunga miguu. Mama akajaza kikapu ndizi za kupika, juu akatandaza jani bichi la mgomba, tukapanda lori la ndizi pale Tengeru, mimi na kasha mapajani, mama na kuku kwapani, na yule kuku akawatukana abiria wote mpaka mjini.

Efraimu alitupokea mlangoni kwa tabasamu.

"Aa, mama! Hukuipenda?"

"Nimeipenda, ila haishibi. Nimeirudisha kama tulivyosema. Na hivi vidogo ni shukrani. Kitu cha mtu hakirudi kitupu."

"Na kuku tena! Nimepokea, mama. Nimepokea kwa mikono miwili." Na kweli aliinyoosha yote miwili, akainamisha na kichwa, maana alijua desturi vizuri sana. Msije mkasema hakujua.

Tukarudi nyumbani tukijiona wepesi. Mwezi ukaandama, ukapotea. Siku moja mama alikuwa nje anamkatia Sambu kigogo cha mgomba, na panga lilikuwa mkononi mwake kwa kazi yake ya halali, kengele ya baiskeli ikalia langoni.

"Shikamoo mama. Nimefuata malipo ya pili."

"Marahaba. Ya pili? Ya kwanza alilipa nani?"

"Wewe mwenyewe, mama. Kuku na ndizi. Kampuni imevikadiria, ikavipokea kuwa malipo ya kwanza. Hongera, cherehani ni yako."

Mama aliangalia kulia na kushoto. "Yangu? Iko wapi?"

"Iko dukani, inakusubiri. Na kwa kuwa imelala ghalani kwetu mwezi mzima, kuna na malipo ya kuilaza."

"Ilikuwa inaumwa?"

"Hapana, mama, ni kanuni. Halafu kuna malipo madogo ya miguu yangu kuja huku."

"Miguu yako niliiita mimi?"

Kiasi alichotaja sitakisema, maana nyinyi mtacheka, na sisi siku ile hatukucheka. Mama akasema kuku yule alikuwa shukrani, naye alimwambia hivyo kwa mdomo wake. Efraimu akasema kampuni haina mahali pa kuandika shukrani. Ina mahali pa kuandika malipo. Akasema tena, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko matusi, kwamba asiyelipa hushtakiwa, na mali yake hushikwa. Kisha akachungulia ndani, upande wa Sambu.

"Ng'ombe mzuri," akasema.

Mama Sumari hakuinua panga. Nataka hilo lijulikane, maana watu wa Moshono wanasimulia kwamba alilirusha likakata kengele ya baiskeli katikati. Uongo huo. Alikata tu kigogo cha mgomba kilichokuwa mbele yake, kwa pigo moja, na kile kigogo kilikuwa kinene kama Efraimu. Kijana akapanda baiskeli yake bila kuaga.

Jioni ile Sadoki alikuja amejikunja.

"Shemeji, lipa yaishe. Uza kahawa kidogo, lipa. Hawa watu wana Mwingereza nyuma yao."

"Nyuma yao? Nyuma ya meno yao kuna kuku wangu, ndiye niliyemwona."

"Watachukua ng'ombe, shemeji. Mtoto wa Hanna atakunywa nini?"

 Mtoto wangu alikuwa mapajani kwa mama, anamvuta ushanga shingoni. Nilidhani atakubali, na kusema kweli moyoni nilitaka akubali. Mimi ni mama, na woga wa mama hauna aibu. Lakini alisema polepole:

"Sadoki, nikilipa leo nisichodaiwa, kesho nitadaiwa nilichokwisha kulipa. Na kesho kutwa hakuna mtu mlima huu mzima atakayethubutu kumpa mwenzake ndizi, kwa kuogopa kwamba ndizi ile itarudi na bili. Silipi. Hata wakileta bendi ya polisi na tarumbeta zake, silipi."

Mwezi uliofuata Efraimu alikuja tena, na deni lilikuwa limezaa. La kulaza cherehani lilikuwa limelala na lenyewe, likapata watoto. Mama akamwambia, "Cherehani yenu ina uzazi kuliko ng'ombe wangu, ifugeni hukohuko." Mwezi wa baadaye hakuja yeye, alikuja mtu wa mshili, yule mzee aliyesimamia mtaa wetu na kesi zake ndogondogo, kutuambia tufike barazani. Na ng'ombe aletwe, mali inayodaiwa ionekane.

Asubuhi ya siku ile mchukuzi wa kampuni, jitu moja refu, alitangulia kwetu na kamba mpya ya katani, nene, inanukia duka bado. Akamfunga Sambu. Sambu hakuwa amezoea kutoka nje. Alisimama mlangoni akafumba macho kwa jua kama bibi arusi. Mtoto wangu akaanza kulia, nami pia. Mama akasema, "Nyamaza, Hanna. Machozi yako yatie kwenye maji ya kunywa, yataongeza chumvi. Twende."

Baraza lilikuwa uani kwa mshili mwenyewe, Mzee Mikaeli. Mabenchi yaliazimwa kanisani. Mtaa mzima ulikuwa pale, na wengine walitoka mbali, maana habari ya kuku wa Mama Sumari ilikuwa imezunguka mlima na kurudi. Sambu alifungwa kwenye nguzo ya ua, mchukuzi kando yake.

Efraimu alisimama na tai yake, akaeleza vizuri, kwa Kiswahili kilichopigwa pasi. Mtu akipeleka malipo ya kwanza amenunua. Huyu mama alipeleka. Kwa hiyo amenunua. Amedaiwa mara nyingi, amejibu kwa dhihaka. Kampuni inaomba ng'ombe.

Mzee Mikaeli akageuka. "Mama Sumari, kuku ulimpeleka?"

"Nilimpeleka."

"Na ndizi?"

"Nilipeleka, zilizokomaa vizuri. Mbovu simpi mtu."

"Huyu kijana akapokea?"

"Kwa mikono miwili."

Watu wakaguna. Sadoki, aliyeisikia ahadi ya mwanzo lakini hakumwona kuku akipokewa, akatoa pumzi karibu nami kama mfuko wa mvukuto. Mshili akakuna kidevu. "Sasa, mama, mbona unajifunga mwenyewe? Kampuni ina kanuni yake. Ukiingia kwa watu, unaingia na kanuni zao."

"Sikuingia kwao, mzee. Wao ndio waliopiga hodi kwangu. Kwangu kuna kanuni vilevile."

"Ipi?"

"Kitu cha mtu hakirudi kitupu. Wewe hukulelewa hivyo?"

"Nililelewa hivyo," akasema mshili, "lakini hii ni biashara." Nikamwona macho yake yamekwisha kwenda kwa Sambu, kwa huzuni, kama mtu anayepima jambo asilolipenda na atakalolifanya.

Hapo ndipo mkewe, Mama Tekla, alipotoka jikoni na chai, maana baraza bila chai lingekuwa kikao cha mawe. Vikombe vikapita kwa mshili, kwa wazee, kwa mashahidi. Mzee mmoja wa benchi la mbele akanywa, akafumba macho, akapiga kelele:

"Jamani! Chai ya leo kijiko kinasimama chenyewe! Mama Tekla, umeolewa na mfanyabiashara?"

"Ni sukari ya Bwana Efraimu," Mama Tekla akajibu kutoka mlangoni, anajifuta mikono. "Ametuletea asubuhi pakiti nzima, Mungu ambariki. Kijana mwenye adabu huyu."

Mama Sumari alikuwa amekwisha kuinua kikombe chake. Akakishusha. Akakiweka chini, mbele ya miguu yake, taratibu, kama anayeweka yai.

"Mbona hunywi, mama?" mshili akauliza.

"Naogopa."

Vichwa vyote vikamgeukia. Neno hilo halikuwa limewahi kutoka kinywani mwake tangu aote meno. Hata Sambu aligeuza kichwa.

"Unaogopa nini?"

"Naogopa nikinywa, mwezi ujao huyu bwana atakuja kunidai nyumba. Umekunywa, mzee wangu? Pole sana. Sasa tuambie sisi watu wako: hiyo sukari ni malipo ya kwanza ya nini? Amenunua shamba lako, au amenunua baraza lote pamoja na mabenchi ya kanisa?"

Jamani, jamani. Vikombe viligandia hewani. Yule mzee wa mbele alikuwa amekwisha kujaza mdomo: hakumeza wala hakutema, mashavu yakamvimba kama chura wa masika, macho yanamtoka akimwangalia mshili apate amri. Mama Tekla alishika shavu. Mtu mmoja nyuma akarudisha kikombe chake kwa jirani, jirani akamrudishia, wakakirushiana hivyo kama kaa la moto.

Efraimu akaruka. "Mama, usinivunjie heshima mbele ya watu! Mimi sikumnunua mtu! Ile ni adabu tu. Mtu haendi nyumbani kwa mkubwa mikono mitupu! Hata kwetu Tanga ndivyo tulivyolelewa. Ni shukrani, haina bei!"

"Haina nini?"

"Haina bei!"

"Sema kwa sauti, kijana wangu. Yule mzee wa nyuma kabisa ana masikio ya kuazima."

Alifungua mdomo aseme. Na mdomo ukiwa wazi hivyo, nilimwona mwenyewe amesikia alichokwisha kusema. Ukabaki wazi. Inzi angejenga humo.

Mzee Mikaeli aliangalia ndani ya kikombe chake kwa muda. Alikuwa mtu mwenye cheo, na cheo chake chote wakati ule kilikuwa kinaelea mle ndani pamoja na majani. Akakiweka mezani.

"Bwana Efraimu. Ama mimi nimekula rushwa yako mbele ya mtaa wangu wote, ama huyu mama alikupa zawadi. Chagua. Na uchague haraka, chai inapoa."

Kijana akatazama tai yake. "Ni zawadi," akasema.

"Ipi?"

"Sukari."

"Na kuku?"

 Yule mzee mwenye mashavu alikuwa anaanza kuwa wa bluu.

"Na kuku," akasema Efraimu.

"Na ndizi?"

"Na ndizi. Zote, mzee. Zote ni zawadi."

"Meza," mshili akamwambia yule mzee wa mbele, naye akameza, na kishindo chake kilisikika ng'ambo ya mto. Kisha mshili akasimama. Akasema malipo ya kwanza hayakuwapo, kwa hiyo ya pili hayapo, na ya tatu ni mtoto wa mtu asiyezaliwa. Deni la kulaza cherehani aidai cherehani. La miguu aidai baiskeli. Na asionekane tena katika mtaa wake akichungulia ng'ombe wa wajane.

Mngewasikia wanawake wa Meru siku ile! Vigelegele vilipanda mpaka kwenye theluji ya Kilimanjaro, ikayeyuka kidogo upande huu, na haijarudi vizuri mpaka leo.

Efraimu alingoja kelele zipungue. Akamsogelea mama, na hapo nikajua kwamba huyu mtu uwakala ulikuwa umemwingia kwenye mifupa.

"Mama, yaishe. Tusiachane kwa ubaya. Kampuni ina pasi mpya ya mkaa, nyepesi. Nakuachia mwezi mzima, bure..."

Hakumaliza. Kicheko kilichomfuata kilimsukuma hatua kadhaa nyuma bila mtu kumgusa. Mama Sumari hakucheka. Aliinama, akaokota kikombe chake pale chini, chai imekwisha kupoa na utando juu, akainywa yote mpaka majani. Akampa Mama Tekla kikombe.

"Tamu kweli," akasema. "Niongezee."

Alipomaliza cha pili alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo, akafungua fundo kule nguzoni, shingoni hakugusa, akamwongoza Sambu kutoka uani. Mimi nikafuata na mtoto mgongoni, na Sadoki nyuma yangu, anatembea kifua mbele kana kwamba yeye ndiye aliyesema yote yale. Tulikuwa tumefika njiani, karibu na mfereji, tuliposikia miguu mizito inakimbia nyuma yetu. Lilikuwa lile jitu la kampuni.

"Mama! Mama, ngoja! Kamba! Kamba ni ya kampuni!"

Mama Sumari hakugeuka. Aliizungusha ile katani mpya mara moja zaidi mkononi mwake, akamchapa Sambu ubavuni kwa kiganja aongeze mwendo.

"Mwambie bwana wako aje kuidai," akasema. "Baraza analijua lilipo."